Tulivyomlilia Aliye Hai

Mimi ndiye niliyemuua mdogo wangu. Nasema hivyo bila kuzunguka, maana kila mtu wa kwetu Ganako anajua, na wasiojua ni wageni tu. Simu ilipigwa kwangu, na mdomo uliotamka ulikuwa wangu. Siku tatu baadaye alitolewa shimoni akiwa hai, Karatu nzima ikapiga honi, lakini hilo halikufuta nilichosema.

Ni fundi cherehani. Nina kibanda nyuma ya stendi ya Karatu mjini, nashona sare za shule, napunguza suruali za madereva wa utalii ambao kila msimu wanadai wamekonda, na siku za mnada napiga pindo shuka za Wamasai wanaoshuka na mbuzi zao. Mama anaishi Ganako kwenye shamba letu. Tulizaliwa wanne, tumebaki wawili, mimi na huyu kitinda mimba. Shamba lenyewe ni la mahindi na mbaazi, na halimtoshi hata mtu mmoja mwenye hamu ya kula. Alijaribu kubeba mizigo ya wageni kwenye hoteli za huko juu kuelekea kreta, akachoka kuitwa pale tu wageni wanapokuwa wengi. Akaenda machimbo ya dhahabu Kanda ya Ziwa. Mama alilia wiki nzima, mimi nikamwambia Mama aache kumlilia mtu mzima anayejitafutia. Nilikuwa na maneno mengi siku hizo.

Duara, yaani shimo walilokuwa wakichimba, lilititia asubuhi moja, wakiwa watano chini. Aliyenipigia ni kijana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, ambaye siku hiyo hakushuka kwa sababu ya homa. Aliniambia mlango wa shimo umeziba, watu wanachimba kwa mikono na sururu, mashine iko njiani. Nikafunga kibanda, nikaenda Ganako.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho nilikuwa nimeishi nacho maisha yangu yote bila kukiona. Sisi kwetu tuna utaratibu wa kila jambo. Mtoto akizaliwa tunajua nani aingie na nani abaki nje. Ng'ombe akizaa tunajua. Mtu akifa tunajua mpaka nani aanze kuchota maji. Lakini mtu akiwa chini ya ardhi, hajulikani kama yuko hai au amekufa, hatuna la kufanya. Majirani walikuwa wanafika kwenye ua, wanauliza kama kuna habari, wanasimama kidogo, wanarudi makwao. Hakuna aliyeingia kukaa na Mama. Ukiingia ukakaa, umeshasema amekufa, na nani anataka kuwa wa kwanza kusema? Kwa hiyo Mama alikaa peke yake kwenye kizingiti siku tatu, miguu nje, hali, hanywi, akitazama simu yangu. Kila ilipoita alifumba macho. Mara mbili walikuwa wateja wa sare.

Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, baba mkubwa alikuja. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, mtu mpole, mzee wa kanisa. Hakuketi. Aliniita pembeni akaniambia hatuwezi kumwacha mama yako hivi, atakufa yeye. Kisha akasema, "Wewe ndiye mwenye simu. Sema moja, watu wajue wanakujaje."

Saa nane yule kijana akapiga. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa vumbi au kwa kilio, sijui. Alisema, "Dada, hapa sasa wanasema wanatafuta miili."

Sikuuliza wanaosema ni akina nani. Sikuuliza kama ni wakubwa wa uokoaji au ni walevi waliosimama kando ya kamba. Nilitazama miguu ya Mama pale mlangoni, imevimba kwa kukaa. Nikaenda kwa baba mkubwa nikamwambia, "Amefariki." Ndivyo ilivyokuwa. Sikudanganywa na mtu. Nilichoka, nikataka watu waje.

Na walikuja. Ndani ya saa moja uani palikuwa pamejaa. Wanawake waliingia wakiwa tayari na kuni na masufuria, wanaume wakafunga turubai, kwaya ikafika. Nitasema ukweli ingawa unaniumiza: nilipata nafuu. Mama alilia kwa sauti, akashikwa, akanyweshwa uji na akaumeza. Jioni wakamnyoa nywele. Nguo za mdogo wangu zilizokuwa sandukuni wakazigawa kwa wajomba, godoro lake likatolewa nje. Mwili tukasema tutauzika utakapofika.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Nyumba iliyofiwa kwetu hujitenga. Wazee wanaita metimani. Watu wa nyumba hiyo hawaingii nyumba za wenzao, hawanywi kikombe kimoja nao, ng'ombe wao hawachanganyiki malishoni na wa wengine, na zaidi ya yote hawamsogelei mwanamke mwenye mimba wala anayenyonyesha. Inaaminika kifo kinawafuata kama harufu ya moshi kwenye nguo. Zamani ilikuwa mwaka au zaidi, siku hizi wanafupisha. Kanisa limehubiri dhidi yake tangu sijazaliwa. Watu wanasema amina, wanatoka kanisani, halafu wanapita njia ya juu badala ya njia ya nyumba iliyofiwa. Mimi wa mjini nilikuwa nikiwacheka.

Siku ya sita nilitumwa mjini kuongeza sukari na viti. Nilipofika karibu na kituo cha mafuta niliona magari ya utalii yamesimama ovyo, milango wazi, madereva wamejazana kwenye mgahawa wa jirani. Nikadhani ni mpira. Nikasogea ili nimwombe mmoja wao anisaidie kubeba viti. Kwenye runinga kulikuwa na watu wengi wa vumbi, na kelele, na kamba inavutwa, na mtu anatolewa ardhini amefunikwa kitambaa machoni.

Sijawahi kuona watu wasiojuana wakipendana namna ile. Muuza vipuri mmoja, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa shida, alikuwa ameshika kichwa analia wazi. Mama ntilie aliacha chapati zikaungua. Wageni wazungu waliobaki kwenye gari walikuwa wanauliza kuna nini, na dereva wao aliwajibu kwa mikono tu, anaonyesha chini, kisha juu. Wa kwanza akatoka, watu wakapiga makofi. Wa pili akatoka. Wa tatu alipotoka nilimjua kabla hajasimama vizuri, kwa lile bega la kushoto lililoshuka tangu alipokuwa akibeba mabegi ya wageni.

Nikasema, "Huyo ni wetu."

Nilisema polepole, lakini aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaona kitambaa cheusi kichwani kwangu, akaelewa. Walininyanyua juu, mwanamke wa umri wangu. Walinibeba hadi barabarani. Bodaboda wakaanza kupiga honi na magari yakajibu, na kabla sijajua nilichokuwa nafanya nilikuwa nimekaa nyuma ya pikipiki, na pikipiki nyingine kama ishirini nyuma yangu, tunaelekea Ganako. Nilikuwa nalia na kucheka. Tulipokaribia nyumbani nikaanza kumwambia dereva wangu wapunguze kelele, kwamba kuna msiba. Akanijibu kwa furaha kwamba hakuna msiba tena, mama, hakuna msiba. Akaongeza honi.

Tuliingia na honi hizo uani, katikati ya watu waliokuwa wakinywa chai ya msiba. Wote walisimama. Nikapaza sauti kwamba yu hai, nimemwona, runinga imesema wote watano wako hai. Mwanamke mmoja alianza kupiga kigelegele, akakimeza. Ndivyo ninavyokumbuka, sauti ilianza na ikakatika, na baada ya hapo nikasikia pikipiki moja moja zikizimwa.

Mama peke yake ndiye aliyetembea. Alikuja peku, na kichwa chake kilichonyolewa kinang'aa juani, akachukua simu mkononi mwa dereva mmoja aliyekuwa na video ya uokoaji. Akaipangusa kioo kwa upande wa kanga. Akatazama mpaka mwisho. Akaniuliza, "Anakula?"

Nikamwambia watampa chakula, Mama. Baba mkubwa akavua kofia akasema tumshukuru Mungu, tukaomba, na katika sala ile sauti yake ilitetemeka kwa furaha ya kweli, sitamnyima hilo. Lakini baada ya amina watu hawakujua wafanye nini. Mgeni wa msiba anaagaje kama hakuna msiba? Waliweka vikombe chini vikiwa na chai nusu, wakatoka mmoja mmoja kupitia upande wa migomba. Waendesha bodaboda walibaki wakitazamana, halafu wakaniomba maji ya kunywa, na hakuna aliyebaki wa kuwapa ila mimi.

Mdogo wangu alirudi baada ya wiki mbili, hospitali walipomruhusu. Mjini walimpokea kwa namna ambayo hata arusi haipati. Vijana wa stendi walimpa jina hapo hapo, Mfufuka. Kila alikopita, oya Mfufuka, kaa hapa, soda hii hapa, piga picha na mimi. Walimuuliza chini kulikuwaje. Mwanzoni alieleza vizuri: giza, maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye mwamba, namna walivyoyakinga kwenye kofia ngumu moja na kunywa kwa zamu, na aliyekuwa dhaifu alianza. Baada ya siku chache alikuwa akieleza kama mtoto anayesoma shairi la shule. Walicheka pale pale walipopaswa kucheka. Mmoja alimwuliza kama aliona malaika.

Siku ya mnada mzee mmoja wa Kimasai kutoka upande wa Loliondo, mteja wangu wa siku nyingi, alimkuta kibandani. Nikamweleza kwa ufupi. Mzee alimvuta kichwa, akamtemea mate utosini kidogo kidogo kama baraka, akamtaja Mungu kwa lugha yao, "Engai amekurudisha, kaa sasa." Mdogo wangu aliyafuta mate baadaye akicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Huyo mzee hakuwahi kumwona kabla ya siku ile.

Jumapili tukaenda kanisani kwetu. Alisimamishwa mbele, wakaimba, wakapiga makofi marefu, na nilitazama nyuso zao na najua hawakuwa wanafiki. Tulipotoka, kila mmoja alikuwa na haraka. Shangazi zetu walimpungia mkono wakiwa hatua kumi. Jirani aliyemlea kama mwanawe alimpa pole akiwa amesimama ng'ambo ya mfereji, na mjukuu wake mgongoni akamfunika kichwa kwa kanga. Jua halikuwa kali.

Nilimfuata baba mkubwa kwake siku ile ile. Alinipa kiti nje, chini ya ukingo wa paa, na yeye akakaa mbali kidogo. Nikagombana naye. Nilimwambia hakuna aliyekufa, sasa metimani ya nani? Akanisikiliza mpaka mwisho, na alipojibu hakuwa na hasira hata chembe.

"Hatumkatai, mwanangu. Lakini tumeshamlilia. Mama yako amenyolewa, nguo zimegawanywa. Hakuna aliyewahi kufanyiwa hayo akarudi, kwa hiyo hatujui yanatolewaje. Asiyejua hukaa mbali, mvua mbili tatu zipite, tuone."

"Nani alisema amekufa?" nikamwuliza, kijinga.



Nilizunguka nyumba zote za jirani wiki ile. Walinipokea uani, wakaniletea kigoda, wakakubaliana na kila neno. Ni kweli, walisema, ni mambo ya zamani, ni Mungu ndiye mwenye uhai. Sijawahi kuchoshwa na kitu kama kugombana na watu wanaokubaliana na mimi. Nilirudi kila siku nyumbani kwa Mama nikiwa nimeshinda na hakuna lililobadilika.

Mama alikula naye tangu siku ya kwanza, sahani moja, na kama kuna mtu aliyethubutu kumwonya sikumsikia. Lakini nyumba ilikufa. Hakuna aliyekuja kuazima moto au chumvi. Ng'ombe wetu mmoja alichungwa peke yake pembezoni mwa barabara. Wanawake wa jumuiya walihamisha sala kwenda nyumba nyingine na wakasahau kumwambia Mama, akavaa na kungoja. Mdogo wangu aliona hayo yote kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ya kufanya zaidi ya kuona. Miezi miwili ilipokwisha tangu arudi, alifungasha begi akaja kwangu mjini. Alisema akiondoka labda watamrudia Mama. Na kweli, wiki iliyofuata mtu alimpelekea Mama maziwa.

Nilijivuna sana kuwa naye. Nilimtandikia kitanda kwenye chumba cha mbele, nikanywa kwenye kikombe chake makusudi mbele ya wateja wa Ganako waliokuja kupima sare. Nilikuwa napenda wakiona. Alinisaidia kukata vitambaa, akawa mzuri kwa mkasi kuliko mimi. Nilimwambia abaki, nitanunua cherehani ya tatu, hakuna haja ya kurudi kwenye mashimo. Alisema atafikiri, na nadhani alikuwa akifikiri kweli.

Kisha binti yangu akaja kutoka Arusha. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Zile mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka, na mume wake alisema mwaka huu asikae peke yake, aende kwa mama yake. Alifika akiwa anatembea kama amebeba yai. Alimwamkia mjomba wake kutoka mlangoni, mkono juu ya tumbo. Alikuwa amesoma kuliko sisi wote.

Sikulala vizuri siku mbili. Nilijiambia ni upuuzi. Nilijiambia mimba zinatoka kwa sababu zinazojulikana hospitali. Siku ya tatu asubuhi nilimwambia mdogo wangu kwamba nyumba ni ndogo, kwamba vijana wa stendi wanamsumbua sana akiwa hapa, kwamba rafiki yangu ana nyumba ya wageni njia ya kwenda lango la hifadhi na chumba kiko tupu, atapumzika vizuri. Niliongea haraka nikiwa nimeinama kwenye cherehani. Alisema sawa, dada. Chakula nikawa nampelekea kwenye hotpoti. Siku za kwanza nilikaa tukala pamoja. Baadaye nikawa naiacha mapokezi.

Wiki ya pili ya hivyo alikuja kibandani mchana na begi lake. Kibanda changu kina mlango wa nyuma unaoingia uani kwangu, na pazia tu kati yake na chumba ambamo binti yangu alikuwa amelala. Alisimama nje ya kizingiti cha mbele, upande wa barabara, kama mteja asiye na uhakika. Alisema wenzake wamepiga simu, duara limefunguliwa tena na wameweka matimba mapya, magogo ya kuzuia udongo, wanamngoja.

Nilimwambia usiende. Nilimwambia ni wazimu, shimo lile lile, Mama atakufa safari hii kweli. Nilisema mengi na yote yalikuwa sahihi. Aliniacha nikamaliza.

"Kule tunakula sinia moja, dada," alisema. Hakusema kwa ubaya. Halafu akaweka begi chini, akapunguza sauti ili isipite pazia. "Sikia. Niambie tu nilale kwako leo. Ukiniambia hivyo, siendi."

Nilikuwa na sare mkononi, sketi ya bluu, na sindano imeingia nusu. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ndiyo, naapa nilitaka, ilikuwa neno moja dogo na hakuna aliyekuwa amenishika koo. Nikasikia kitanda kikilia nyuma ya pazia, binti yangu akigeuka kwa ule uzito wake. Nikatazama sindano.

Alingoja. Pikipiki kadhaa zilipita. Kisha akachukua begi, akasema nikifika nitapiga, akavuka barabara kuelekea kwenye mabasi. Kijana mmoja akapaza sauti, oya Mfufuka, safari ya wapi, na wengine wakashangilia, na yeye akainua mkono kuwajibu.

Binti yangu aliuliza kutoka ndani nilikuwa nikiongea na nani.

Nikamwambia ni mteja.